Jana Ikigeuzwa Husema Naja

Nimezoea kukuandikieni juu ya nasaba, picha za zamani na barua za wazee. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mchezo wa maneno. Nimefikia kuamini kwamba mchezo huu ndio utakaoamua kama wajukuu wetu watatunga mashairi kwa Kiswahili, au watakuwa watu wa kuyasikia tu siku za arusi, wakitikisa vichwa pasina kuyafahamu.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Sikukuu ya Idi ya mwaka juzi tulikusanyika Houston, watu wa matawi matatu ya ukoo. Baada ya chakula watoto waliombwa kila mmoja atoe alicho nacho. Mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, alisimama katikati ya sebule na karatasi yake, akasoma: “Kalbi yangu hubweka usiku, mgeni akipita mlangoni.” Watoto wenziwe wakaangua kicheko. Wao husoma Kiarabu siku za Jumamosi, na walikwisha jua kwamba moyo kwa Kiarabu ni “qalb” kwa herufi ya qaf, na mbwa ni “kalb” kwa herufi ya kaf. Kiswahili hakitenganishi herufi mbili hizo katika matamshi ya watu wengi, basi mtoto aliufanya moyo ubweke.

Mimi sikucheka. Nilimkatiza mbele ya wageni, nikamwambia kwamba moyo na mbwa havichanganywi, kwamba qaf si kaf, na kwamba asiyejua kulitamka neno la wazee ni bora aliache. Alikunja karatasi yake, akakaa. Kutoka Houston mpaka kwetu Arlington ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na katika saa nne hizo hakutamka neno. Miezi kadhaa ikapita, nikimwambia jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, kama mtu anayemjibu afisa wa forodha.

Nilikuwa karani wa masjala kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Unguja na kisha hapa Marekani. Karani hutaka kila karatasi ikae katika jalada lake. Karatasi ikiingia jalada lisilo lake, kwake hiyo ni hasara, na pengine ni kupoteza haki ya mtu. Siku ile Houston nilifanya kazi ya ukarani. Moyo una jalada lake, mbwa ana lake, na mtoto alikuwa amezichanganya karatasi. Sikujiuliza hata kidogo kama alichokisema kilikuwa kweli.

Kiangazi cha mwaka ule ule dada yangu mkubwa alifariki Maskati. Maskati hututangulia kwa saa tisa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo dada alifariki alfajiri ya Ijumaa, nami nikapigiwa simu huku kalenda ya ukutani ikiwa bado ni Alhamisi. Nilipewa habari ya kifo siku moja kabla ya tarehe ya kifo chenyewe. Wengi wenu mnaoishi mbali na jamaa zenu mnaijua ajabu hii ya saa, na mnajua jinsi inavyouzidisha umbali.

Niliazimia kumtungia marthia. Nilimaliza siku arubaini na kalamu mkononi. Kila nilipoketi, maneno yalikuja yenyewe bila taabu: machozi yanatiririka, moyo umevunjika, dunia ni mapito, kila nafsi itaonja. Yote yalikuwa kweli, na yote yangeweza kuandikwa juu ya marehemu yeyote wa mji wowote. Dada yangu hakuwemo ndani yake. Yule msichana aliyekuwa akificha halua juu ya kabati, akacheka mpaka akashika mbavu, hakuwemo. Nilikuwa na huzuni tele, na huzuni ile haikunipa hata mshororo mmoja wa kwangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka itikadi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kwamba shairi hutokana na uchungu, na kwamba mtunzi kazi yake ni kuungoja uchungu huo umshukie. Tunaliita jambo hilo ilhamu, neno tulilolipata kwa Waarabu lenye maana ya kutiwa jambo moyoni. Lakini mtu anayengoja kutiwa hukaa mikono kifuani. Nami nilikuwa nimekaa hivyo siku arubaini.

Usiku mmoja baada ya khitma wajukuu wakaniuliza, “Babu, dada yako alikuwa mtu gani?” Nikatafuta la kuwaambia, nikajikuta nawasimulia habari ya kinyume. Kwa wale msiokijua, kinyume ni usemi wa siri wa watoto wa mwambao, ambao silabi ya mwisho ya neno hung’olewa na kutangulizwa mbele. Safari huwa risafa, nyumba huwa mbanyu. Ni mchezo wa siku nyingi. Askofu Edward Steere alikwisha kuutaja katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Katika miaka ya 1960, barazani kwetu Malindi, dada na shoga zake walizungumza kinyume ili sisi wadogo tusifahamu mambo yao. Siku moja nilimsikia akimnong’oneza mwenzake: “Ahalu koi nikabati.” Nikakaa nayo mchana kutwa, nikiigeuza na kuigeuza, mpaka ikanifungukia: halua iko kabatini. Nilipanda juu ya kiti nikaila yote. Nilipigwa, lakini tangu siku ile nilikuwa mwanachama.

Wajukuu walishika mchezo ule kwa nusu saa. Mdogo wao wa kiume, mwenye miaka minane, aliyageuza majina ya watu wa nyumbani, akagundua jambo ambalo mimi sikuwahi kulitazama katika umri wangu wote. Mama ukimgeuza hubaki mama. Baba hubaki baba. Bibi, kaka na dada hali kadhalika. Kisha akafika kwangu: babu akigeuzwa huwa buba! Nikawaeleza kwamba buba ni ugonjwa wa ngozi uliowasumbua watu wa zamani, na nyumba nzima ikavunjika kwa kicheko. Yule dada yao, aliyekuwa ameninyima Kiswahili kwa miezi kadhaa, alicheka kuliko wote. Ndipo akaniuliza kwa Kiswahili, akiwa ameshika penseli, “Babu, naja ni neno?” Nikamwambia ndiyo, kwetu mtu husema naja akimaanisha ninakuja. Akasema, “Basi jana ukiigeuza inasema naja.”

Sikuweza kumjibu. Niliinuka nikaenda jikoni, nikajifanya natafuta maji.

Siku arubaini nilikuwa nikiikabili jana, na jana hainijibu kitu. Mtoto wa Arlington aliyezaliwa maili maelfu kutoka Malindi ameligeuza neno kwa mchezo wa dada yangu, na neno limemwambia kwamba lililopita linakuja. Kabla ya usiku ule kwisha nilikuwa na ubeti:

Nageuza neno jana, lanijibu neno naja,
Bahari zimepakana, kati hakuna daraja,
Dada, neno lafanana, mbele na nyuma ni moja,
Nikirudi nitaona, baraza bado yangoja.

Sidai kwamba huu ni ubeti wa malenga. Nadai tu kwamba ni wa dada yangu, na hauwezi kuhamishiwa kwa maiti mwingine. Na haukutoka katika uchungu peke yake. Uchungu ulikuwapo tangu mwanzo, umekaa kama maji kisimani, nami nilikosa kamba. Kamba ilikuwa mchezo.

Nadhani sababu yake inaelezeka. Mtu akianza na hisia, lugha humpa nguo zilizoshonwa tayari, kwa kuwa hisia za wanadamu ni chache na zimekwisha kuvishwa na wengi. Akianza na sauti ya neno, huviweka jirani vitu viwili ambavyo akili yake isingevikutanisha: jana na kuja, moyo na mbwa. Akili ikiviona pamoja huuliza, vinahusiana nini? Jibu la swali hilo ndilo shairi. Nirudieni kwa mstari ule wa Houston, niliouzima kabla haujakaa vizuri hewani. Moyo unahusiana nini na mbwa? Moyo wa mtoto wa mhamiaji huwa macho usiku, hushtuka mgeni akipita, hulinda nyumba usiyoijua vizuri, na hungoja kwa uaminifu mtu aliyeondoka. Yote hayo alikuwa ameyasema kwa maneno saba. Mimi nilisikia herufi iliyokosewa.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya kitoto na kwamba ushairi wa wazee wetu ulikuwa na heshima yake. Kwao nina habari ya mzee mmoja ambaye hakuna aliye na haki ya kumwita mtoto. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa karne ya 8, asili yake ilikuwa katika kabila la Azd la Oman, naye aliishi na kufundisha Basra. Yeye ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi, yaani vipimo vya mashairi ya Kiarabu. Wasimulizi hupenda kusema kwamba alilipata wazo hilo akipita katika soko la wafua shaba, akisikiliza nyundo zikipishana. Tena yeye ndiye mwenye Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Na kamusi hiyo aliipangaje? Alizichukua herufi za asili ya neno, akazipindua kwa kila njia inayowezekana. Herufi tatu hutoa mapinduo sita, nne hutoa ishirini na nne, tano hutoa mia moja na ishirini. Kwa kila pinduo akauliza: Waarabu wanalitumia hili, au wameliacha? Huyo naye alikuwa karani, tena karani mkubwa kuniliko mimi, lakini majalada yake aliyapanga kwa kuyachezea.

Chukueni herufi za moyo wenyewe, qaf, lam na ba. Katika Kiswahili chetu tumepata humo kalbi, kabla na lakabu. Na Waarabu wanapotaja sanaa ya kuandika maneno yanayosomeka sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma, huiita qalb, jina lile lile la moyo, kwa maana asili yake ni kugeuza. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliweka maneno ya namna hiyo katika Maqamat zake, na kitabu hicho kimesomwa na wanazuoni kwa karne nyingi. Dada yangu na shoga zake hawakuwa wamemsoma Al-Hariri. Walikuwa wakicheza mchezo ule ule barazani.

Kisha zipangeni herufi hizo kwa mpango wa qaf, ba na lam, mkazitafute katika Kiswahili. Mtakuta kabla. Mtakuta kibla, kabila, kubali na kabili. Na mkienda mbele kidogo mtakuta mustakabali. Kwa watu kama sisi, tuliopoteza nyumba na tukagawanyika katika nchi sita, hebu yatazameni maneno hayo yakiwa yamekaa katika jamvi moja kama jamaa wa tumbo moja: kilichotangulia, upande tunaoelekea, watu tuliotoka kwao, kuridhia, kukutana na jambo uso kwa uso, na kitakachokuja. Kabla na mustakabali ni ndugu wa damu. Kwa miaka mingi nimechora nasaba za ukoo wetu katika karatasi ndefu, na sikuwahi kuchora nasaba ya neno. Shairi la maneno haya sita sijalitunga. Nawaachieni.

Upande wetu wa mwambao nao haukuwa na haya na mchezo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alipenda mafumbo na maneno yenye tumbo mbili, na alizungumza na watu wa sokoni kama alivyozungumza na watawala. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua na padri William Taylor walipoyakusanya mashairi yake, yalikuwa bado yanakumbukwa na watu wa mji, miongo kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa. Naamini fumbo lina sehemu yake katika kudumu huko, kwa sababu mtu hukumbuka kile alichohangaika kukifumbua, kama nilivyoikumbuka mimi halua yangu. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alitueleza mizani, vina, ukwapi na utao. Wengi wetu tulivisoma kama amri za mahakama. Visomeni tena kama sheria za bao, muone jinsi zinavyomwita mtu acheze: una mizani nane upande huu na nane upande ule, na kina ambacho huruhusiwi kukikosa, haya, lete neno lako.

Mwingine ataniambia kwamba mchezo ni wa walioshiba, na kwamba mtu aliye katika dhiki ya kweli hana nafasi ya kucheza. Nami nitamtajia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kutoka mwaka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi linaloitwa Mnazi: Vuta N’kuvute, ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi mmoja kwa kujibizana. Majibizano ni mchezo wa kale wa malenga wetu. Mtu aliyefungiwa peke yake alijigawa akawa wawili, akajijibu, na kwa njia hiyo aliisema habari ya nchi nzima. Basi kama mchezo ulimfaa yeye alipokuwa pale, utatufaa sisi katika sebule zenye viyoyozi.

Lipo na shauri la tatu, la wale wanaochelea kwamba watoto wakiachiwa wacheze watachanganya lugha, na Kiswahili chao kitajaa Texas. Ni kweli kitajaa. Mji wetu wa Arlington uko kati ya Dallas na Fort Worth, una watu karibu laki nne, na unajulikana kwa kukosa mtandao wa kawaida wa mabasi kama ule wa miji mingine ya ukubwa wake. Asiye na gari huita kigari cha abiria kwa simu. Siku moja tulikuwa njiani, magari yamesongamana, nami nikawa namsimulia yule mdogo habari za daladala za Unguja na Dar es Salaam. Akafikiri kidogo, akasema, “Dallas iko karibu, daladala iko mbali.” Nikahesabu kwa vidole juu ya usukani. Ukiitamka Dallas kwa Kiswahili, Dalasi, ni nane kwa nane, haipungui wala haizidi. Mtoto hajui mizani ni nini, na ametoa mshororo uliotimia, wenye habari yote ya maisha yetu ndani yake: mji mgeni uko jirani, na kile kilichotubeba utotoni hakipatikani. Daladala yenyewe, kama wasemavyo watu, ilipata jina kwa dala, yaani sarafu ya shilingi tano, na dala ilitoka kwa dola ya hawa hawa Wamarekani. Lugha yetu imekaa bandarini miaka elfu na zaidi. Haikuanza kupokea mizigo leo.

Hata hivyo sitaki mnifahamu vibaya. Si kila neno likigeuzwa hutoa hazina. Safari huwa risafa, na risafa haimwambii mtu kitu. Usiku ule tuliandika maneno kama mia moja. Tukapata lima inayogeuka mali, mate yanayogeuka tema, kasa anayegeuka saka, nani inayogeuka nina, ambalo katika Kiswahili cha kale cha ushairi ni jina la mama. Mengine yote yalikuwa sauti tupu, tukayatupa. Na hata katika hayo machache, lima na mali ni mzaha wa kupendeza tu mpaka atokee mtu aliyelima maisha yake yote asipate mali, alichukue neno hilo aliseme. Mchezo humleta mtu mlangoni. Kuingia ni lazima awe na jambo lake. Mjukuu wangu alikuwa na jambo lake siku ile Houston, nami nilikuwa na jambo langu usiku ule wa kinyume. Ninachopinga ni kuwataka watoto walete jambo kwanza, tena jambo zito, tena kwa lafudhi ya Malindi, ndipo tuwafungulie.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye watoto na wajukuu ni huu. Msianze kwa kuwafundisha mashairi ya msiba wa ukoo, wala habari za meli na mapinduzi. Hayo yatafika. Anzeni na neno moja mezani. Waulizeni kaa ni nini, na waacheni wagundue kwamba ni kuketi, ni mnyama wa pwani, na ni kipande cha moto. Kisha waulizeni vitu vitatu hivyo vinafahamianaje. Wapeni mbuzi wa bandani na mbuzi wa kukunia nazi. Wafundisheni kinyume, ili wawe na siri yao kwa lugha yenu, kwa maana mtoto huipenda lugha anayoweza kufichia siri. Wakikosea herufi, nyamazeni. Kusahihisha kuna siku yake, na siku yake ni ya pili, baada ya kicheko kwisha na mstari kuandikwa. Na wakisema jambo linaloudhi sikio lenu, jiulizeni kwanza kama ni kweli. Nimejifunza agizo hili kwa bei kubwa.

Nimemwomba radhi mjukuu wangu, mbele ya wale wale walioshuhudia, Idi iliyofuata. Alinisikiliza akiinamisha uso, kisha akaniuliza kama kalbi yangu nayo hubweka. Nikamwambia hubweka, hasa simu inapolia usiku. Juma lililopita nilimwomba idhini ya kuuweka mstari wake katika makala haya. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiurekebishe mizani. Nilijaribu kumweleza kwamba kwa kupunguza silabi kadhaa tu ungetimia. Alikataa. Basi nimeuandika kama alivyousoma, na hapo ulipo si wa kuguswa.

Kaditama.